Jiwe la Kumi na Tatu

Siku ya kumi na tisa tangu afukuzwe kazi, Ramnik aliambiwa ageuze mifuko yake kabla hata hajasema kilichomleta.

"Mifuko," alisema mlinzi. Hii ilikuwa karakana ya tano ya almasi aliyobisha hodi asubuhi hiyo.

"Sijaingia ndani bado, bwana. Nimekuja kuuliza kazi tu."

"Sasa mimi nimekuuliza umekuja kufanya nini? Mifuko."

Akaigeuza. Ikatoka leso, ufunguo wa chumba na vipande vya gathia, vitafunio vya unga wa dengu, vilivyosagika. Mlinzi akavitazama vile vipande kwa makini, utadhani kati yake mna kitu. Msimamizi akatokea na simu mkononi, akaiinua hadi usawa wa uso wa Ramnik, akatazama simu, akatazama uso, akatazama simu tena.

"Ndiye," akasema. "Ndiye wa kwenye picha. Nenda zako, mzee, usituletee nuksi wiki ya sikukuu."

Mzee! Mtu wa miaka arobaini na moja. Ramnik alirudisha mifuko ndani, mmoja baada ya mwingine, akashuka ngazi. Kila ghorofa aliyoipita alisikia magurudumu yakisaga mawe, sauti aliyoizoea kwa miaka ishirini na miwili, na ilimuuma kuisikia akiwa ngazini.

Tuseme ukweli mapema, msije mkasoma mkimtilia mtu shaka: Ramnik hakuiba. Jiwe moja, dogo kama punje ya ufuta, lilipotea kwenye pakiti ya almasi aliyopewa kung'arisha. Walifagia sakafu, wakachekecha vumbi, wakafumua pindo za shati lake hadi akabaki na fulana mbele ya wenziwe, na jiwe halikuonekana. Kila fundi wa mji huu wa Surat anajua kwamba jiwe huruka kwenye gurudumu likapotelea kwenye ufa, na likazikwa humo milele. Lakini hesabu ya jioni ikipungua lazima apatikane mtu wa kubeba lawama. Tajiri wake alimpiga picha, akaisambaza kwenye simu za matajiri wenziwe pamoja na jina lake na la kijiji chake, na maneno mawili chini: mkono mrefu.

Baada ya hapo, nani atakupokea? Hata fundi msafi hapati nafasi mjini humo bila mdhamini, mtu wa mle mle karakanani wa kusema, huyu ni wangu, akiharibu niulizeni mimi. Na akiharibu kweli, mdhamini naye anafungasha.

*

Nyumbani, mkewe Hansa alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga akishona shanga kwenye sari ya mtu, kazi aliyokuwa akilipwa kwa kipande. Hakumuuliza imekuwaje. Alimtazama miguu tu, jinsi alivyovua viatu polepole, akainuka kumpakulia kichiri, wali uliochanganywa na dengu.

"Mwenye nyumba amepita," alisema.

"Amesemaje?"

"Mwisho ni Jumamosi ya baada ya sikukuu. Ameniambia kwa heshima, usifikiri. Ametaka hata kujua kama tunahitaji mtu wa kutusaidia kubeba vitu."

Ramnik aliendelea kula. Binti yao Krupali alikuwa kitandani, vitabu vimemzunguka, akijifanya hasikii. Alikuwa darasa la kumi. Mtihani wa serikali ulikuwa miezi minne mbele, na walimu walikuwa wamekwisha kumwita Hansa mara mbili kumwambia, mama, mtoto huyu ana akili, msimchezee. Kule kijijini kwao shule iliishia darasa la nane. Baada ya hapo msichana hukaa nyumbani akakamua nyati wa kufugwa, mpaka watu waje kumposa.

Na karakana zilikuwa zikifungwa kwa Diwali, sikukuu ya kumaliza mwaka. Nyingi zilikuwa zimekwisha kufunga, na zile chache zilizobaki zilikuwa zikimalizia kazi za mwisho. Siku ya tano ya mwaka mpya, siku ya heri, milango hufunguliwa na kila fundi huketi mahali pake. Asiyeketi siku hiyo hungoja mwaka mzima. Ramnik hakuwa na mwaka, alikuwa na Jumamosi.

"Baba Krupali," Hansa alisema. "Yupo Vipul."

"Nimekwambia hapana."

"Ni mdogo wangu."

"Ndiyo maana hapana. Nimemfundisha mimi kushika jiwe, Hansa. Amelala hapo chini, kwenye mkeka huo, miaka mitatu. Leo nikampigie magoti aniombee kazi?"

"Usipige magoti. Kaa kimya tu. Magoti nitapiga mimi."

*

Siku ya pili ya mwaka mpya kaka hula kwa dada yake. Hata wawe wamegombana namna gani, siku hiyo kaka atakuja, dada atamtia alama nyekundu ya paji la uso na kumlisha, na kaka haondoki bila kumpa kitu. Vipul alifika saa sita na shati jipya na kifurushi kwapani. Alikuwa msimamizi siku hizi, anashika funguo za kabati la mawe katika karakana ya mzee Parshottam, magurudumu kumi, mafundi arobaini.

"Dada, umekonda," alisema.

"Wewe umenenepa. Keti ule."

Alimlisha maandazi ya samli, viazi, mkate wa uwele wenye sukari guru, kila alichopenda tangu utoto, na wapi alikopa unga Ramnik hakuthubutu kuuliza. Vipul alipomaliza, akanawa, akaweka kifurushi mbele ya dada yake. Ilikuwa sari ya kijani, na juu yake bahasha.

Hansa hakuigusa.

"Chukua, dada."

"Sitaki sari."

Vipul akacheka. "Basi chukua bahasha, sari nimpe mke wangu."

"Sitaki bahasha pia. Nataka umdhamini shemeji yako."

Kicheko kikamkauka. Akamtazama Ramnik, na Ramnik akatazama ukuta.

"Dada, hayo si mambo ya leo."

"Ya lini? Jumamosi tukiwa kwenye basi? Leo huwezi kuninyima, Vipul. Leo hata nikikuomba sikio lako utanikatia."

"Sikio ningekupa! Hujui unaloniomba. Mzee Parshottam ni mtu wa kupima watu. Kuna fundi wetu, Dhansukh, miaka tisa pale, jiwe lake moja halikuonekana jioni ya mwisho kabla ya kufunga. Mzee alimtoa palepale, hakutaka hata kumsikiliza. Miaka tisa! Sasa nimpelekee mtu ambaye picha yake iko kwenye kila simu?"

"Mjomba," alisema Krupali kutoka kitandani, na ndiyo mara ya kwanza kusema siku hiyo, "unaamini baba aliiba?"

Hakuna aliyemkemea mtoto. Vipul alijifuta mikono ambayo ilikuwa imekauka zamani.

"Siamini," akasema. "Haki ya Mungu siamini. Haya. Nafasi yenyewe ipo, hiyohiyo ya Dhansukh. Nitasema na mzee. Lakini shemeji, pale ujue kuna macho. Mzee ana mitego yake, hata mimi haniambii."

Ramnik alijua mitego ya matajiri, nani asiyeijua? Mgeni hupewa pakiti iliyoandikwa mawe kumi, ndani mkiwa na kumi na moja. Akinyamaza, jioni anaonyeshwa mlango. Mafundi huhadithiana habari hizo kwenye chai miaka nenda rudi, na kila mmoja anamjua mtu aliyenaswa.

"Asante, shemeji," alisema, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida.

*

Siku ya tano karakana ilifunguliwa kwa maua ya njano mlangoni na nazi iliyovunjwa kizingitini. Mzee Parshottam, mtu mwembamba mwenye kizibao cheupe, aliketi ndani ya kijumba chake cha kioo akiona kila gurudumu. Ramnik aliketishwa sakafuni kwenye gurudumu la saba, na wenziwe watatu wakamzunguka. Mmoja wao alisogeza goti kumpisha. Mwingine alivuta kisanduku chake cha vifaa upande wa pili, mbali naye. Ramnik aliona, akatandaza kitambaa chake.

Vipul alifungua kabati, akatoa pakiti zilizofungwa tangu kabla ya Diwali, akazigawa. Ya Ramnik iliandikwa kumi na mbili.

Akaifungua kwenye kitambaa, akahesabu kwa ncha ya kibano. Kumi na tatu.

Akahesabu tena. Kumi na tatu. Damu ikamwenda mbio kwa furaha. Ndio huu! Mtego wenyewe huu, na si wa kujificha hata kidogo, kama wa kitoto. Akainua macho akaona mzee anamtazama kupitia kioo. Kwa kweli mzee alikuwa akitazama saa ya ukutani iliyokuwa juu ya kichwa cha Ramnik, lakini yeye angejuaje?

Angeweza kumwita Vipul kwa chini. Alilifikiria hilo. Lakini akasema moyoni, nikimpa shemeji kimyakimya watasema tumepanga, na siku zote hizi watu wamenitazama kama mwizi, leo wanitazame vizuri. Akainuka na kitambaa mkononi, akavuka ukumbi mzima, akasimama mlangoni pa kijumba cha kioo. Magurudumu yakapunguza mwendo.

"Tajiri," alisema, na sauti yake ilifika hadi gurudumu la mwisho, "pakiti imeandikwa kumi na mbili. Mmenipa kumi na tatu. Nimehesabu mara mbili." Na mpumbavu wa watu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefaulu.

Mzee hakutabasamu. Alichukua kitambaa, akaweka lenzi jichoni, akapitia mawe moja moja. Jiwe la saba alilishika muda mrefu. Akaliweka kwenye mizani ndogo, akafunua daftari.

"Vipul."

Vipul akaja.

"Pakiti hii nani aliifunga?"

"Mimi, tajiri. Jioni ya mwisho."

"Ulizifunga ngapi jioni hiyo?"

"Zote, tajiri. Tulikuwa na haraka, watu walikuwa wanawahi mabasi ya kwao."

Mzee akageuza daftari limtazame. "Jiwe hili ni la Dhansukh," alisema. "Lile aliloiba."

Hapo ndipo Ramnik alipoelewa kwamba hapakuwa na mtego wowote. Vipul, kwa haraka ya sikukuu, alilisukuma jiwe la pakiti moja kwenye pakiti nyingine, na mtu mwenye miaka tisa ya kazi akafukuzwa kwa hilo. Tabasamu bado lilikuwa usoni mwa Ramnik na hakujua alipeleke wapi.

"Funguo," mzee alisema.

Vipul alizivua kiunoni. Zilichukua muda kutoka kwenye kishikizo, na watu arobaini walingoja.

"Tajiri, ni kosa la hesabu tu—"

"Na Dhansukh lilikuwa kosa gani?" Mzee alifunga daftari. "Huna kazi hapa. Lakini kabla hujaenda kwako, utakwenda kwake. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Mwambie jiwe limeonekana, na kesho asubuhi nafasi yake ya gurudumu la saba inamngoja."

Gurudumu la saba. Watu waligeuka kumtazama Ramnik.

"Na mimi, tajiri?" Ramnik aliuliza.

Mzee alimtazama, na tuseme haki yake, alimtazama kwa huruma. "Wewe ni mtu mwaminifu. Ningekuwa na gurudumu la kumi na moja ningekuweka leo. Lakini kazi imeshuka, unajua mwenyewe, na aliyekudhamini ndiye huyu. Dhansukh asipoonekana mpaka kesho asubuhi, kaa wewe, nitakudhamini mimi. Akija, nafasi ni yake."

*

Barabarani Vipul alitembea mbele, Ramnik akimfuata nyuma. Walipofika kwenye duka la chai alisimama ghafla akageuka.

"Ungenipa mimi! Ungeniita tu, shemeji, 'njoo', ukanipa mkononi!"

"Nilidhani nategwa."

"Nani akutege? Mimi nikutege?"

"Ulisema mwenyewe mzee ana mitego."

"Nilisema! Nilisema!" Vipul alijipiga paji la uso. "Miaka yote hii, na ameniangusha nani? Mume wa dada yangu, na jiwe mkononi, anacheka!"

"Na ningekupa wewe," Ramnik aliuliza taratibu, "ungelifanyaje?"

Vipul akageuka, akashika njia tena. Wenye duka la chai waliwatazama, kisha wakaendelea na vikombe vyao.

Simu ya Dhansukh haikupatikana. Tangu picha yake isambazwe watu asiowajua walikuwa wakimpigia kumtukana, hata akaitoa laini na kuitupa. Wakaenda kwake kwa miguu, chumba cha uani nyuma ya duka la mbolea, wakakuta kufuli. Jirani alikuwa akianika pilipili.

"Wamehama," alisema. "Sasa hivi tu, hata jiko lao bado la moto. Wanarudi kwao, basi la saa kumi. Mna deni nao?"

"Hapana, mama."

"Basi nyie wa kwanza."

Ilikuwa saa tisa na robo. Stendi ya mabasi ilikuwa mwendo wa nusu saa. Vipul alikaa kwenye kizingiti cha ile nyumba yenye kufuli, akasema bila kumtazama shemeji yake:

"Tumekuja, hatukuwakuta."

"Wako stendi."

"Tumekuja hatukuwakuta, shemeji. Nani atasema vingine? Mtu keshaamua kurudi kwao, ana shamba, ana kaka zake. Mimi nimekwisha. Lakini kesho asubuhi nafasi ni yako, na mzee mwenyewe anakudhamini. Nani mwingine katika Surat nzima atakudhamini, na picha ile? Krupali akae afanye mtihani wake." Akainamisha kichwa. "Angalau dada yangu asikose vyote viwili."

Hakuyasema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomfanya Ramnik ashindwe kumkaripia. Alisimama pale uani. Alimfikiria mwanawe, jinsi anavyofunika masikio akisoma ili asisikie wazazi. Nusu saa tu. Asingelazimika kusema uongo hata, angekwenda nyumbani kwake na kula. Alitaka, jamani, alitaka kwa moyo wake wote. Lakini aliikumbuka fulana yake, amesimama nayo mbele ya watu huku wanafumua shati lake kwa wembe, na jinsi alivyongoja siku zote hizo mtu abishe hodi aseme limeonekana. Hakuna aliyekuja.

"Inuka," alimwambia Vipul. "Tutachelewa."

"Nenda wewe. Mimi sina uso."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Akaanza kutembea, kisha akakimbia.

*

Basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Juu ya paa palifungwa magodoro, masufuria, baiskeli ya mtoto. Ramnik alipanda akihema, akaita jina, na mtu mwenye ndevu za wiki nzima akainua kichwa kwenye kiti cha nyuma. Kando yake alikuwa mkewe, na mtoto mdogo mapajani.

"Dhansukh ni wewe?"

"Unataka nini tena?" alisema mkewe haraka. "Mmetutukana vya kutosha. Tunaondoka, si mnaona tunaondoka?"

"Jiwe limeonekana," Ramnik alisema.

Dhansukh alimtazama kana kwamba anahesabu maneno aliyoyasikia.

"Lilikuwa kwenye pakiti nyingine. Lilichanganyika. Tajiri amesema kesho asubuhi urudi, nafasi yako ipo."

"Wewe nani?"

"Fundi. Nimelikuta mimi."

Mwanamke alianza kulia, mkono mdomoni. Lakini Dhansukh bado hakuinuka. Akaonyesha kwa kidevu abiria waliokuwa mbele, wazee kwa wanawake, wote wa upande wao mmoja, na baadhi yao walikuwa wamegeuka kusikiliza.

"Ndugu," alisema, "hawa wote ni wa kwetu. Wote wameiona ile picha. Walipopanda hawakunisalimu. Lile ulilosema, liseme tena. Kwa nguvu."

Ramnik akasimama katikati ya basi, akashika vyuma vya viti vya pande zote mbili.

"Sikilizeni!" alisema. "Dhansukh hakuiba! Mnasikia? Hakuiba! Jiwe limeonekana, nimelishika mimi kwa mkono wangu! Ni mtu safi, alifukuzwa bure!"

Sauti ilimpanda kuliko alivyokusudia. Ilipofika kwenye yale maneno ya mwisho machozi yalikuwa yakimtoka, na alirudia mara ya pili na ya tatu, alifukuzwa bure, alifukuzwa bure, mpaka Dhansukh mwenyewe akainuka akamshika mabega akidhani ni furaha.

Wakashusha godoro, masufuria na baiskeli. Mwanamke aliinama akagusa miguu ya Ramnik kabla hajawahi kumzuia. Wakaenda zao, baba kambeba mtoto, na pale stendi mzee mmoja alimkimbilia Dhansukh kumsaidia mzigo.

Konda akapiga ubavu wa basi.

"Wewe ndugu, unapanda au unatutazama? Viti viwili umenitolea abiria wake, nani ananilipa?"

Ramnik alijifuta uso kwa leso.

"Kesho Jumamosi," aliuliza, "mnaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi ileile. Watu wangapi?"

"Watatu," alisema Ramnik, na akataja kijiji chao.